Barua kwa Neema, kabla hujaacha kazi

Mwanangu Neema,

Natumai u mzima huko Ruaka. Kwa kuwa kwenye simu tunaishia kukatizana maneno, nimeona heri nikuandikie. Umesema mwisho wa mwezi unaacha kazi ya ofisini Upper Hill ili uhariri video za yule mteja wako wa Marekani kwa muda wote. Sikukatazi. Ninalokuuliza ni hili: mteja huyo akinyamaza, utalipa kodi ya nyumba kwa pesa gani?

Usidhani naidharau kazi yako. Nimewaringia wenzangu kwenye chama kwamba binti yangu analipwa kwa dola, na nimekuona ukikesha kwa sababu saa saba ya usiku Nairobi ndiyo jioni ya New York. Lakini dola zenyewe hebu tuzihesabu. Ukifanya kazi ya dola 500 kupitia Fiverr, ule mtandao unaokukutanisha na wateja, wao hukata asilimia 20, wewe unabaki na 400. Mapema mwaka 2024, dola ilipofika shilingi 160, hizo zilikuwa 64,000. Kabla mwaka haujaisha dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na 400 zilezile zikawa 51,600, ada ya kutoa pesa ikiwa bado haijakatwa. Hukukosea lolote, wala mteja hakukupunja, ila mwenye nyumba hakukushushia kodi kwa sababu dola imeshuka.

Na mteja ni mmoja! Ile shule iliyokuwa ikinipa oda ya sare karibu zote ilitafuta fundi mwingine muhula wa kwanza ukikaribia, bila hata kunipigia simu, na vitambaa nilikuwa nimekwisha kuvinunua. Yaliyofuata unayajua.

Mtazame pia mtoto wa shangazi yako. Alikuwa akiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kazi ambayo sikuipenda tangu mwanzo, maana mtihani wa mtu haufanywi na mwingine, ingawa nakiri ilimnunulia pikipiki. Tangu ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, itoke Novemba 2022, oda zake zimepungua hadi sasa pikipiki hiyo ndiyo inayomlisha. Sisemi kuhariri kutaisha vivyo hivyo, kwa kuwa kujua kipande kipi kikatwe na kipi kibaki kunataka jicho, nawe jicho unalo. Ila mteja mmoja ni mteja mmoja, hata awe mkarimu namna gani.

Kama ni lazima uondoke, tafuta kwanza wengine wawili, na angalau mmoja awe wa hapa hapa mjini, wa harusi au wa kanisa, anayelipa kwa M-Pesa na anayekubali kutoa nusu kabla hujaanza. Tena usisahau kwamba bima ya afya ya SHA sasa unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi bila hata kuhisi, ilhali aliyejiajiri hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kule NSSF, kwenye akiba ya uzeeni, mwajiri huongeza kiasi sawa na chako. Ukitoka, utajiwekea peke yako. Na KRA, watoza ushuru, watataka ritani ya mapato yako kabla ya tarehe 30 Juni kupita, wewe ambaye mwaka jana ulingoja usiku wa mwisho ukaanza kulia kwamba mtandao umekwama.

Karo ya Musa nitaimaliza mwenyewe, usiiweke katika hesabu zako. Cherehani ya pili nimeipatia mnunuzi, na fundi wa tenki la maji anakuja Jumamosi, kwa hiyo ukija beba nguo zako zikiwa zimefuliwa.

Barua ya kujiuzulu usiipeleke kabla hujanijibu kuhusu hao wateja wawili. Baba yako bado hajui lolote. Umweleze mwenyewe Jumapili baada ya chakula, kabla hajasikia kwa shangazi yako.

Ni mimi,
Mama yako