Kwa wahudumu wa afya ya jamii wa Nyalenda: "Kitabu kiko" si jibu

Wanangu,

Nawaandikia kama nesi mstaafu, tena nyanya ambaye mlango wake mnaubisha kila mara. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mikoba ya kazi kwa wahudumu 100,000 nchini, mnatujia na mashine ya presha, thamomita na simu ya kuandikia ripoti. Hiyo simu inataka ndiyo au hapana. Watu wa Kisumu hawajibu hivyo.

Unamuuliza mama, "Mtoto amemaliza chanjo?" Anakujibu, "Kitabu kiko." Unabonyeza ndiyo, huyo nyumba ya pili. Kwani uliulizia kitabu cha kliniki? Mwingine atakwambia, "Ile ya surua ya miezi 9 alipata." Hajadanganya hata chembe. Lakini surua ina chanjo ya pili, ya miezi 18, na mtoto anayechezea matope pale mlangoni ameshatimiza miaka miwili. Angekuwa amepata zote, mama angezitaja zote. Ametaja moja, nyingine amekuachia uielewe.

Mjukuu wangu anayesoma isimu pale Maseno ananiambia mwanafalsafa Mwingereza, Paul Grice, alilichambua jambo hili katika mihadhara ya 1967 huko Harvard. Kwa maoni yake, watu wakizungumza hutarajiana kusema ya kutosha, ya kweli, yanayohusika, tena bila kuzungukazunguka. Mtu akipunguza, msikilizaji hujiuliza kwa nini. Alitoa mfano wa mwalimu anayemwandikia mwanafunzi barua ya kuombea kazi ya falsafa: Kiingereza chake kizuri, na darasani hakosi. Basi. Hapo hata wewe usingemwajiri! (Barua za namna hiyo nimezisoma nyingi kazini, za manesi.)

Sasa msije mkageuka wapelelezi. Lililodokezwa linaweza kukanwa: "Nilitaja ya miezi 9, sikusema ile nyingine hakupata." Na kweli hakusema. Kwa hiyo msibonyeze hapana kwa kubahatisha, kama ambavyo hamkupaswa kubonyeza ndiyo. Mwambie, "Mama, hebu tuangalie ukurasa wa chanjo pamoja."

Nanyi pia mnasikika. Ukiuliza "Huyu amekula leo?" majirani wakiwapo, mama anasikia ameitwa mzembe, na kuanzia hapo atakupa majibu ya kukuondoa tu. Muulize mtoto anapenda chakula gani siku hizi. Mengine atayasema mwenyewe.

Nyumba yenye mama mkwe ndiyo ya kuchunga zaidi. Umegusia upangaji uzazi, mke anasema, "Tutaongea siku nyingine," kisha, bila kuulizwa, anataja kwamba Jumapili mama huwa anashinda sokoni Kibuye. Usiulize la pili. Mpime mama mkwe presha, msifu kwa chai, aga, urudi Jumapili.

Nyanya yenu,
Nyalenda, Kisumu