Konsuli wa Boma alikamatiwa katika kichaka cha Kerry

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Ireland niliisoma hadi mwisho. Majabali ya Moher yamo, baa za Dublin zimo, hata kondoo wamo. Nashukuru, maana si kila siku nchi ninayoishi inaandikwa kwa Kiswahili. Naomba nafasi kidogo niwaelekeze wasomaji, hasa ndugu zetu wa Kongo, mahali ambapo mabasi ya watalii hayapiti: pale alipokamatiwa Roger Casement, Mwairishi aliyeuandika ukatili waliotendewa Wakongo.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mimi na mwenzangu mzaliwa wa Kalemie, Kongo, tulitoka Limerick alfajiri kuelekea kaunti ya Kerry. Tulipopita Listowel tukaiacha barabara kuu. Vijia vya huko ni vyembamba mno: magari mawili yakikutana, moja hurudi nyuma hadi kwenye mlango wa shamba, na mwenye kupita huinua kidole kimoja juu ya usukani kukusalimu. Majani yameota katikati ya lami, na fuksia zimeinamisha maua mekundu pande zote mbili. Karibu na Ballyduff tulikuta mnara wa Rattoo, wa mawe, mviringo, mrefu kupita mita 25, umesimama peke yake malishoni tangu enzi za watawa. Mlango wake uko juu, haufikiwi bila ngazi. Nusu saa nzima hatukuona mtu.

Tulichokifuata hasa kiko karibu na Ardfert. Ireland ina makumi ya maelfu ya maboma ya kale ya udongo, yaani tuta la mviringo na mtaro wake, ambamo zamani familia ilikaa na mifugo yake. Wakulima wengi waliogopa kuyabomoa, wakiamini yana wenyewe. Hili liitwalo McKenna's Fort, ukiliona toka barabarani utadhani kichaka tu. Nilipanda tuta nikishikilia shina la mti. Ndani pamezama, pana unyevu, na sauti ya upepo haifiki. Humo ndimo alimojificha Roger Casement siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Aprili 1916.

Mwaka 1903, akiwa konsuli wa Uingereza katika mji wa Boma, Kongo, mtu huyu aliupanda Mto Kongo kwa meli ndogo, akawasikiliza wanakijiji waliokuwa wakikimbia kazi ya kugema utomvu wa mpira, akayaandika waliyomweleza. Ripoti yake ilitoka 1904: mikono iliyokatwa, wanawake waliofungwa mpaka waume zao walete mpira, vijiji vilivyobaki mahame. Kelele zilizofuata zilichangia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi, kupokonywa nchi hiyo mwaka 1908, ingawa iliangukia mikononi mwa Ubelgiji. Baadaye Casement akageukia ukombozi wa Waairishi wenzake kutoka kwa Uingereza. Alirudi kwao kwa nyambizi ya Kijerumani, mashua ya kumfikisha yeye na wenzake wawili ufukweni Banna ikapinduliwa na mawimbi, akafika nchi kavu amelowa chapa, mgonjwa, na malaria aliyotoka nayo Kongo ikimrudia. Wenzake hao walikwenda mji wa Tralee kutafuta msaada. Yeye hakuwa na nguvu za kuendelea, akabaki bomani, na polisi wakamkuta humo siku ile ile. Tarehe 3 Agosti alinyongwa London kwa kosa la uhaini.

Waairishi waliirudisha mifupa yake mwaka 1965 na wakamzika kwa heshima za taifa. Kwetu je? Mwenzangu amesoma Kalemie mpaka akamaliza sekondari. Habari za Leopold alifundishwa, Casement hakuwahi kumsikia. Ukatili wa mpira aliouandika ulikuwa jimbo la Ekwateri zaidi, mbali na Ziwa Tanganyika iliko Kalemie, lakini mwenzangu alikaa juu ya lile tuta akampigia simu mama yake: "Mama, niko pale walipomkamatia mtu aliyetusemea." Mama akamwambia alitaje jina polepole, ili yeye mama aliandike.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtu huyu apewe ukurasa katika gazeti lenu, na aandikwe kwa urefu, pamoja na Wakongo waliomweleza yale aliyoyaandika, kwani bila ushahidi wao asingekuwa na ripoti. Na ndugu zangu mnaoishi huku, nendeni. Fikeni Ardfert kwanza, mwulize mtu yeyote, mvae viatu vya matope. Geti mtakalolifungua lirudishieni, ng'ombe wa watu wako malishoni.

Mzaliwa wa Kigoma,
Limerick, Ireland