"Mtandao unasumbua" kumbe ni swichi ya kabatini

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako niongee na wenye maofisi, ya serikali na ya watu binafsi, maana hii kauli ya "mtandao unasumbua" imetuchosha jamani. Mtu anakuja kulipia kitu anaambiwa kaa hapo, anakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, na dada wa dirishani wala hashtuki, keshazoea.

Mimi kazi yangu ni kuvuta waya na kufunga swichi (kile kiboksi kinachogawa mtandao kwa kompyuta, si ya taa) maofisini hapa Dar. Mara nyingi nikiitwa tatizo silikuti kwa kampuni ya intaneti wala kwenye mkongo wa baharini (SEACOM, waya unaoleta intaneti nchini, upo toka 2009), nalikuta humo humo ndani. Bosi akisikia malalamiko anachojua yeye ni kupandisha kifurushi, analipia Mbps 200 (megabiti kwa sekunde, ndiyo spidi yenyewe) halafu swichi iliyoko kabatini ni ya zamani, poti zake (matundu ya kuchomeka waya) zote mwisho Mbps 100, na ruta inayopokea intaneti imechomekwa humo humo, sasa hiyo mia mnagawana ofisi nzima na nyingine mnailipia kila mwezi bure. Sawa na kuomba DAWASA wakuletee bomba nene halafu ndani unatumia mpira wa bustani.

Na si intaneti tu. Mafaili ya kuskani na programu ya uhasibu iliyoko kwenye seva (kompyuta kuu ya ofisi) ya hapo hapo havitoki hata nje ya jengo. Kwa Mbps 100 faili la GB 1 linachukua sekunde 80 kwa uchache, kwa gigabiti, yaani Mbps 1000, ni kama 8. Kiwango cha gigabiti kwenye waya wa shaba kimepitishwa tangu 1999!! na bado kuna watu wa manunuzi wanaleta swichi za mia kisa bei imepungua kidogo.

Wengine wanaogopa wakidhani lazima kubomoa kuta. Hapana, kama waya ni Cat5e halisi (daraja la waya wa mtandao, huandikwa kwenye ganda lake) na haujazidi mita 100 gigabiti inapita vizuri tu, na tangu 2016 kuna kiwango cha gigabiti 2.5 kwa waya huo huo. Cat6A, daraja la juu zaidi, nunua kama unataka gigabiti 10 kwa umbali huo, ila kwa kazi ya kuandika barua na kuprinti unaitaka ya nini. Cha kuangalia ni ncha za waya. Gigabiti inatumia nyuzi zote nane ila mia inatumia nne tu, kwa hiyo uzi mmoja wa zile nne za ziada ukibanwa vibaya au panya akiutafuna kompyuta inashuka kimya kimya mpaka mia na haikwambii kitu, mtu anamaliza miaka hajui. Fungua setingi za mtandao kwenye Windows uangalie spidi ya waya imeandikwa ngapi. Zile simu za mezani zinazopitisha waya kwenda kwenye kompyuta nazo ziangalieni, nyingi poti zake ni mia.

Halafu kuna waya za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, madukani zipo kibao na bei yake inavutia kweli. Kwangua kwa kisu, ukiona nyeupe ndani rudisha.

Waifai siipingi ila hewa ni moja, kwenye chaneli moja anaongea mmoja wengine wanasubiri, na simu za wafanyakazi zinazoangalia mpira nazo zimo kwenye foleni hiyo hiyo. Waachieni wageni na simu, kompyuta za mezani na printa zichomekeni waya.

Ombi langu kwa wanaotoa tenda: andikeni kwenye mkataba kwamba kila poti ipimwe na mashine na ripoti iletwe kabla hamjamlipa fundi. Mafundi wenzangu najua mtanuna, lakini na nyie mnaopitisha waya wa mtandao kwenye bomba moja na waya wa umeme mnajijua.

Fundi mitandao,
Dar es Salaam