Diwali: tuandikieni pia habari za taa na daftari

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa Diwali ukifika, magazeti yetu hutoa picha ya fataki angani, na chini yake malalamiko ya watu walionyimwa usingizi. Malalamiko hayo ni ya haki. Mimi mwenyewe sipendi baruti karibu na watoto. Lakini msomaji akimaliza kusoma, bado hajui jirani yake Mhindu alikuwa akiadhimisha nini.

Diwali huangukia usiku usio na mwezi kabisa. Kalenda ya Wahindu hufuata mwezi, ila kila baada ya miaka mitatu hivi huongezwa mwezi mmoja ili isiachane na jua. Ndiyo maana Diwali haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani; hubaki kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Katika giza hilo huwashwa vitaa vya udongo, utambi wa pamba ndani ya samli au mafuta, vikapangwa kizingitini, madirishani na ukingoni mwa baraza. Kaskazini mwa India husimuliwa kwamba watu wa Ayodhya waliwawashia taa mwana wa mfalme Rama na mkewe Sita waliporudi baada ya miaka 14 ya uhamishoni, Ravana, mfalme wa mashetani, akiwa ameshashindwa. Kusini hukumbukwa mungu Krishna alivyomwangusha shetani Narakasura. Huko Bengal usiku huohuo ni wa mungu wa kike Kali. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, humkumbuka mwalimu wao Mahavira, kwamba ndipo roho yake ilipofikia ukombozi wa mwisho, na Masingasinga humkumbuka kiongozi wao Guru Hargobind alipofunguliwa kutoka ngome ya Gwalior.

Hapa Mombasa Wahindu wengi asili yao ni Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, watu wa biashara, na kwao Diwali hufunga mwaka. Nilikuwa karani katika duka la nguo, na kilichonigusa kuliko yote ni ibada ya vitabu vya hesabu, wanayoiita chopda pujan. Kwanza duka husafishwa hadi nyuma ya makabati, maana wanaamini Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, haingii palipo uchafu wala giza. Madeni hufuatiliwa, hesabu za mwaka hufungwa. Kisha daftari jipya lenye jalada jekundu huwekwa mbele ya picha za Lakshmi na Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Kwenye ukurasa wa kwanza huchorwa swastika kwa unga mwekundu wa kumkum. Msomaji asishtuke: alama hiyo ilikuwa ya heri kwao karne nyingi kabla Wanazi hawajaichukua. Pembeni yake huandikwa maneno ya kuomba heri na faida. Siku hizi hata kompyuta huwekwa mezani, ikatiwa kumkum na kuombewa kama daftari.

Mfanyabiashara anayeanza mwaka kwa kuweka hesabu zake mbele ya Mungu anafanya jambo ambalo Mwislamu na Mkristo wa mji huu wangelielewa mara moja, lau wangeelezwa. Tunanunua kwao, tunafanya kazi kwao, watoto wetu wanasoma darasa moja, na sheria ya Kenya inaitambua Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa waumini wa Kihindu. Inaniuma kuona tumeridhika na mlio wa fataki.

Mwaka 2026 Diwali ni tarehe 8 Novemba. Nakuomba, Mhariri, umtume mwandishi wako siku chache kabla, nyumba zinaposafishwa na rangoli zinapochorwa mlangoni kwa unga wa rangi. Arudi tena siku ya Annakut, vyakula vinapopangwa kwa ngazi mbele ya sanamu hekaluni, kisha watu wakagawiwa. Aombe ruhusa, avue viatu, aulize wazee na akina mama, si viongozi peke yao.

Karani mstaafu,
Mombasa