Mheshimiwa, mita ni moja lakini vyumba ni sita

Kwako Mheshimiwa unayesimamia bei za umeme,

Salamu kutoka Kireka, hapa nje kidogo ya Kampala. Huku tumepanga mizigo, yaani vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, vyumba sita mlango kwa mlango, mita ya yaka, ile ya kulipia umeme kabla, moja tu. Maji hatugombanii, choo hatugombanii, tunagombania yuniti.

Sikiliza vile inakuwa. Mwezi ukianza jirani wa kwanza ananunua ya shilingi 10,000, anakatwa pesa ya sevisi ya mwezi mzima 3,360 na kodi ya VAT 18%, lakini kwa vile yuniti 15 za kwanza ni 250 kila moja, bado anapata kama 17. Wa pili naye na 10,000 yake, zile 15 zimeshaisha, anaona 11, anaanza kuuliza nani kamroga. Tukishapita yuniti 80 bei inashuka mpaka 412, ile mliyoweka ya kupikia, kwa hiyo mama wa chapati akibahatika kununua siku hiyo anapata kama 20 na anacheka peke yake, halafu tukipita 150 inapanda tena. Pesa ile ile, mita ile ile, mwezi ule ule! Mimi nilikaa mwaka mzima nikiapa hii mita inaiba, mpaka nikaanza kuandika kila tokeni kwenye daftari, ndio nikaona haina kosa, inahesabu vile mlivyoiambia.

Na mliiambia kuna nyumba moja. Sasa Mheshimiwa, zile 15 za bei ya chini si ni za maskini, mtu wa taa mbili na redio? Zigawe kwa vyumba sita, kila mtu mbili na nusu. Mwenye jumba lake kule Kololo kwa matajiri ana mita peke yake, hagawani yuniti na mtu, na jenereta juu.

Usituambie kila mpangaji aombe mita yake, landilodi hataki waya kibao ukutani na sisi wenyewe kesho tumehama. Mita iandikishwe na idadi ya vyumba, basi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anatujua wote hadi watoto, aje ahesabu, tupewe 15 mara sita na hizo 80 na 150 zisogee pia.

Daftari letu tumelifunga na kamba hapo pembeni ya mita. Tuma mtu aje alisome, ila asije tarehe za mwisho wa mwezi, atatukuta gizani.

Mpangaji, chumba cha nne