Picha ilikuwa safi, mbona mnasema tangi bovu?

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, na mteja akiandika saa hizo ujue hajaandika kukusalimia. "Kaka, picha za eksirei ninazo, ziko safi, na nililipia. Nyie mmekuja na kimashine chenu cha kupaka jeli mnasema weldi mbovu. Si mnanitafutia kazi ya kurudia ili mgawane na fundi?" Sikumjibu usiku ule. Namjibu hapa, maana mwaka huu yeye ni wa nne kuniambia hivyo.

Tangi lenyewe ni la hewa ya kompresa, bati la milimita 20. Aliyempigia picha simlaumu. Filamu zake nimezishika, nikaziweka kwenye taa: kazi nzuri. Vile vinyaya vya kupimia ubora wa picha vinaonekana mpaka kile chembamba kinachotakiwa, na namba za kila kipande zimepangwa. Ukiniuliza kama kuna matundu ya hewa au slagi (takataka za kuchomelea) mle ndani, nakuambia hakuna, filamu imesema kweli.

Shida ni kwamba eksirei inaona upungufu wa chuma kwenye njia ya mwale, basi. Penye tundu mwale unapita kirahisi, filamu inakuwa nyeusi zaidi. Ila weldi isiyoshika ukutani, yaani kwenye kingo za bati, haina tundu. Ni nafasi nyembamba kama karatasi, tena imelala mshazari. Chukua karatasi ya daftari: sindano ukiichoma usoni inatokea upande wa pili papo hapo, lakini ukiweza kuipitisha kwa ubavu ina safari ya sentimita 20 ndani ya karatasi ileile. Mwale ukikuta nafasi hiyo kwa ubavu utaionyesha. Ukiikuta usoni, au hata mshazari tu, hauoni kitu. Kingo za bati la tangi lile zilikatwa kwa nyuzi 30 kila upande kabla ya kuchomelewa, na mwale ulipigwa wima. Ulipita moja kwa moja.

Kimashine cha kupaka jeli ni kipimo cha ultrasoniki, nacho kinafanya kinyume. Kinatuma sauti ndani ya chuma na kusikiliza kinachorudi. Probu, kile kichwa kinachotuma sauti, ya nyuzi 60 kwenye maungio ya namna ile inapiga ukuta wa weldi uso kwa uso, na palipo na nafasi, hata nyembamba kama karatasi, sauti inarudi karibu yote. Kwenye skrini mlingoti wa sauti iliyorudi ulisimama na haukushuka kwa urefu wa sentimita 30 hivi nilipokuwa navuta probu taratibu. Nikavuta tena. Nikamwita mwenzangu avute bila kumwambia nimeona nini, akaweka alama za chaki palepale.

Mwenye tangi aligoma, nikamwambia tukate kipande mbele ya fundi wako. Tulikata cha upana wa kiganja, tukakipinda kwenye jeki. Kilifunguka kwenye ukuta kama kitabu, na pale ndani, kwenye chuma kilichotakiwa kuwa kimeyeyuka na kuungana, alama za grinda zilikuwa bado zinaonekana. Ile mikwaruzo ya siku bati linakatwa. Moto haukuigusa. Fundi wake aliitazama, akainua miwani ya kuchomelea kichwani, akaondoka kwenda kunywa chai.

Kwa hiyo sikuuzi kipimo cha pili ili nile mara mbili. Nauliza kwanza: unaogopa nini? Matundu na slagi, piga picha. Ufa na weldi isiyoshika, piga ultrasoniki. Ufa uliofunguka juu, rangi ya kupenya ufa au sumaku inatosha, na ni bei chee. Mteja anayechagua kipimo kwa bei kabla hajajua anatafuta nini ndiye anayerudi kulipa cha pili, halafu anasema tumemlia.

Sasa bei. "Eksirei ya mguu hospitali elfu ishirini, yako mbona mara kumi?" Mguu hauna milimita 40 za chuma, mzee. Kwa vitu vinene tunatumia iridiamu 192, chuma chenye mionzi, na hiyo kila siku 74 nguvu yake inabaki nusu, uwe na kazi au usiwe nayo. Picha iliyotaka dakika 4 mwezi wa kwanza, miezi mitano baadaye inataka dakika 16, na baada ya hapo tunaagiza chanzo kipya. Hapo kuna leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu, beji ya kupimia mionzi ya kila mfanyakazi, na kazi ya usiku kwa sababu mchana kiwandani kuna watu. Umbali ukiongezeka mara mbili mionzi inashuka hadi robo, ndiyo maana tunazungushia kamba mbali mpaka mlinzi wako ananung'unika kwamba tumemfukuza kwenye kiti chake. Anayekupigia picha saa nne asubuhi katikati ya mafundi kwa nusu bei, muulize beji yake iko wapi.

Malalamiko mengine ni ya muda. "Mwenzenu alimaliza dakika kumi." Kwenye chuma cha kawaida naweza kukubali. Lakini kuna siku tuliitwa kwenye tangi la maziwa la chuma cha pua, na aliyetangulia alikuwa ameandika "hakuna kasoro". Tulipoweka probu ya megahezi 5 skrini nzima ilijaa majani. Majani tunaita vile vijistari vidogovidogo vinavyosimama chini ya skrini pasipo na ufa wowote. Weldi ya chuma cha pua ina chembe kubwa, na sauti ikizigonga inatawanyika kila upande kama tochi kwenye ukungu. Katikati ya majani hayo ufa unaweza kusimama usiujue. Chuma cha kutupwa kina ugonjwa huohuo, kwa sababu ya grafaiti iliyomo ndani.

Dawa ni kushusha frikwensi, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde; ndiyo hizo megahezi. Kwenye chuma sauti inakwenda kama mita 5,900 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la megahezi 5 lina urefu wa kama milimita 1.2, na la megahezi 2 linakaribia milimita 3. Maadamu chembe ni ndogo sana kuliko wimbi, ukipunguza frikwensi kwa nusu kutawanyika kunashuka hadi sehemu moja ya 16. Unalipa kwa njia nyingine, maana wimbi refu haligundui ufa mdogo. Ndiyo maana tunapima kwa probu mbili, tatu, na kila tukibadilisha tunarudi kwenye kipande cha vipimo kusawazisha upya. Hizo ndizo saa unazolipia. Yule wa dakika kumi aliyaona majani, akapunguza sauti ya mashine mpaka skrini ikawa safi. Safi kweli, hata ufa ungekuwepo usingeonekana.

Lakini kinachotuudhi hasa ni "kusaidia". Watu wanatusafishia kazi kabla hatujafika. Karakana moja ilituita kupima ndoano ya kreni kwa rangi, na kwa heshima yetu wakaipiga mchanga mpaka ikang'aa. Mchanga unagonga chuma na kufunga mdomo wa ufa. Rangi ikikosa mlango haiingii, na unga mweupe tunaopaka juu kuinyonya ukabaki mweupe pe. Wenyewe walishafurahi. Mimi sikufurahi, maana shingo ya ndoano ile nilikuwa naijua. Tukaweka sumaku ya umeme na unga wa chuma, mstari ukajichora palepale wanapofunga mnyororo, urefu wa njiti ya kiberiti. Kipimo kimoja kikawa viwili, bili ikawa mbili, na lawama zikaja kwetu.

Vitu vilivyovunjika ndiyo kabisa. Shafti ikikatika kila mtu anachukua vipande viwili na kuvikutanisha "kuona kama vinaingiana". Vinaingiana, ndiyo, vilikuwa kitu kimoja! Ila ukivisugua namna hiyo unafuta maandishi yote. Uso wa mvunjiko ukiachwa kama ulivyo, darubini ya elektroni inaweza kuonyesha mistari midogo ya ufa uliotembea polepole kwa mizunguko mingi, na ulikoanzia. Mteja mmoja alituletea boliti ameipiga brashi ya waya kuondoa kutu. Alitaka tuipeleke maabara ipimwe kwa mtawanyiko wa eksirei, kwamba amesikia unasoma mkazo uliobaki ndani ya chuma. Unasoma kweli, kwa kupima nafasi kati ya safu za atomi. Lakini kwenye chuma mwale huo unaingia mikromita chache tu, na juu yake ulishapita na brashi. Tungepima mkazo wa brashi yako. Mkazo wa sentimita kadhaa ndani unataka nutroni, na nutroni kwa kawaida zinataka kinu cha nyuklia, kama SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini. Kwa boliti ya elfu tano nilimshauri anunue nyingine.

Kwa hiyo ukituita: usipake rangi, usipige grinda, usipige mchanga. Kilichovunjika kifunge kwenye karatasi kavu, kila kipande peke yake. Kusafisha tutafanya sisi, imo kwenye bei. Ukishapaka, kubandua ni nusu siku na hiyo inaandikwa pembeni.

Lile tangi limechomelewa upya upande mzima. Alhamisi tunarudi kulipima, na mwenyewe nilimwomba sana aliache bila rangi. Akajibu "sawa kaka", na alama ya dole gumba. Jana jioni fundi wake kanitumia picha kwa fahari. Limepakwa. Bluu, mikono miwili.