Jua la Monet halionekani gazetini, na huku Kigoma tunalisoma vingine

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Kigoma.

Naandika kuhusu ile picha ya bandari ya Le Havre, Ufaransa, mliyoitoa bila rangi ukurasa wa sanaa, ile aliyochora Mfaransa Claude Monet mwaka 1872 akaiita "Impression, soleil levant", yaani taswira ya jua linachomoza. Mwandishi wenu kaeleza vizuri lakini maneno karibu yote kayamalizia kwenye jua, mara jua ni matumaini, mara ni Ufaransa inaamka baada ya kupigwa na Wajerumani vita ya 1870 mpaka 1871, sawa, sibishi, ila mimi nimeligeuza gazeti huku na huku nalitafuta hilo jua silioni! Ikabidi nimwite mtoto wa dada yangu aitafute picha kwenye simu, ndo tukaliona, kiduara kidogo cha rangi ya chungwa kinawaka haswa. Akaibadilisha ikawa nyeusi na nyeupe, jua likayeyuka tena tunaliangalia. Kumbe Monet alilipaka mwangaza karibu sawasawa na wa anga inayolizunguka, kinacholiwasha ni rangi tu. Sasa nyie mmechapa bila rangi halafu mnatwambia tutazame jua, kwa kweli hapo hamjatutendea haki wasomaji.

Lakini jua likishapotea kuna kitu ndo kinajitokeza. Katikati unabaki mtumbwi mweusi tii, mtu kasimama anapiga kasia, mwingine kakaa. Nyuma yake kuna mtumbwi mwingine umefifia, na wa tatu mpaka ukaze macho. Mwandishi wenu huo mtumbwi kaupa nusu sentensi! Mimi naona ndo moyo wa picha, maana ule ukungu wote na lile jua lote kuna watu wako kazini ndani yake.

Halafu kuna hili. Huku kwetu jua halichomozi ziwani, linazama ziwani, upande wa milima ya Kongo. Mtu wa Kibirizi, kwa wavuvi hapa Kigoma, ukimpa picha hiyo bila kumtajia jina atakwambia hiyo ni jioni, wavuvi wa dagaa ndo wanatoka mwaloni, wanaenda kuwasha taa huko mbali wakeshe mpaka alfajiri (mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, dagaa hawaji kwenye taa). Kwake jua kukaribia maji maana yake kazi inaanza. Monet alikuwa dirishani hotelini anatazama kusini mashariki, kwake ni asubuhi na jina lenyewe la picha linasema jua linachomoza. Ila angalieni, wote wawili wameona watu wanaanza kazi, pamoja na kwamba mmoja kaona asubuhi mwingine jioni, na hilo kwangu lina uzito kuliko kuambiwa tu jua ni matumaini.

Zile winchi na moshi kule nyuma nazo zisomwe hivyohivyo. Nimebeba mizigo bandarini hapa, asubuhi yenye ukungu winchi unaisikia chuma kinalia kabla hujaiona, na ukiisikia unajua leo kuna mzigo, kuna hela ya unga.

Ombi langu Mhariri, irudieni picha hiyo kwa rangi, hata ndogo, na mwandishi wenu safari hii atuandikie kuhusu yule mtu mwenye kasia.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma